Mwaka wa Nyumba Nyekundu na Nyumba Nyeupe

Mzee Gamaya tumemzika Kasoli mwezi uliopita, na kwa kuwa watu wa huku hupima ukubwa wa msiba kwa masufuria, niseme tu kwamba masufuria yalijaa uwanja hadi kwenye zizi. Nilifika na gari langu mwenyewe, nimepakia magunia ya mchele na maturubai ya ukumbi wangu, na vijana walipoyaona maturubai wakajua nani kaja bila kuuliza. Sioni haya kulisema hilo. Nilitoka Bariadi na mfuko wa rambo, nikarudi na diploma, na leo hakuna harusi ya maana mjini ambayo haijapita kwangu kuulizia viti, jukwaa au mshauri. Chini ya turubai moja walikaa wazee wa Wagika, wenzake marehemu katika ngoma. Ng'ambo ya uwanja, chini ya turubai jingine, walikaa Wagalu, upande ule mwingine wa ngoma, aliopambana nao maisha yake yote. Walikuja kumzika kwa sababu mpinzani naye ni mtu wako. Nikapita katikati yao kwenda nyuma ya nyumba kuwaona wanawake, na huko nikamkuta mama mmoja mwenye miwani iliyopandishwa kwenye paji la uso, anachagua mchele kwenye ungo. Aliponiona akaweka ungo chini, akapiga magoti kama mila inavyotaka, akanisalimu, "Mwangaluka, Madam Diploma." Hakuna aliyekuwa ameniita hivyo kwa miaka mingi. Wengine siku hizi huniita Mkurugenzi. Nilimtazama hadi nikaiona sura ya mtoto ndani ya sura ya mama, na mtoto huyo alikuwa Kabula, mjukuu wa marehemu, ambaye mwaka mmoja wa ujana wangu aliushika mikononi na nusura auangushe.

Habari za kwetu, baba alikuwa nani na mama alilima nini, siziingizi hapa. Cha kujua ni kimoja tu: tulikuwa watu wa kanisa, na ngoma tulizisikia kwa mbali kama radi ya nchi nyingine. Niliondoka nikiwa binti mdogo, nikalea watoto wa watu Mwanza, nikakaanga mihogo Dar es Salaam, nikajilipia ada ya chuo cha sanaa kule pwani kwa mikono hii, na mwaka ninaousimulia, wakati Simiyu haijawa mkoa na Bariadi bado iko chini ya Shinyanga, nilishuka kwenye basi nikiwa na diploma ya sanaa za maonyesho. Kwa nilivyojua mimi, wilaya nzima haikuwa na nyingine. Niliitia kwenye fremu, nikaitundika juu ya kitanda katika chumba nilichopanga Somanda, ili mtu akifungua mlango iwe kitu cha kwanza kukiona. Chumba kilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya baiskeli, na ukuta wake ulinuka mpira na gundi. Mchana kutwa nilisikia wateja wakijadili spoku, mnyororo na maisha ya watu, na haikuchukua muda maisha yaliyojadiliwa yakawa yangu. Mmoja alisema kwamba huyo wa chumba cha nyuma kasomea kuigiza. Mwingine akauliza kama hilo nalo linasomewa. Mwenye duka akamjibu kwamba siku hizi hata kulia msibani kuna watu wamesomea, ila yeye hajui wanaajiriwa wapi. Wakacheka wote, na mimi nikiwa nimelala upande wa pili wa ukuta nikacheka nao kimoyomoyo, maana mzaha ulikuwa mzuri, kisha nikakaa kitandani nikaitazama diploma mpaka hasira ikanishuka.

Begi langu sikulifungua. Nguo niliyoihitaji niliichomoa kupitia zipu iliyofunguliwa nusu, na nikishaifua nairudisha humo humo. Rafiki yangu wa chuo aliyebaki Dar es Salaam alikuwa ameingia kwenye kampuni ya kutengeneza tamthilia za televisheni, na kila Jumapili alinipigia simu kunikumbusha kwamba nafasi yangu ipo lakini haitangoja milele. Alfajiri mabasi ya Dar yalipiga honi stendi, na kila honi ilinikuta macho makavu. Sikuwa na huzuni. Nilikuwa kama mtu aliyekalia kiti chenye msumari, hawezi kusema ameumia lakini hawezi kutulia. Nilitembea mno mwaka ule. Nilikwenda sokoni bila cha kununua, nikaenda mpaka geti la hospitali bila mgonjwa wa kumwona, nikarudi kwa njia nyingine ili watu wasiseme kwamba nazunguka. Hata chakula nilikula nimesimama, michembe yangu, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani, na chai ya rangi juu ya kizingiti cha dirisha, macho yakiwa barabarani. Sasa hivi nikiwa na ofisi yenye kiti cha kuzunguka, bado wafanyakazi wangu hunikuta nimesimama dirishani na kikombe, na hawajui kwamba tabia hiyo ina umri wao.

Aliyenitoa dirishani alikuwa Mwalimu Machiya. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mrefu, mwoga wa kila kitu isipokuwa kinanda, na ndiye aliyeongoza chama kidogo cha maigizo cha watu wenye kazi zao: walimu wenzake, muuguzi, karani wa kiwanda cha kuchambua pamba, na fundi cherehani aitwaye Nkwimba. Hawakulipwa kitu. Walikutana kwa sababu walipenda, na sikukuu walialikwa kuigiza mambo ambayo wakubwa walitaka wananchi wayasikie. Machiya alisimama mlangoni kwangu, akaisoma diploma yote kuanzia nembo hadi sahihi, kisha akaniambia kwa sauti ya mtu anayeungama: "Dada Minza, tumechoka kuigiza vyoo." Walitaka onyesho lenye nyimbo, la kutazamwa na baba, mama na watoto, na watoto wenyewe wawe jukwaani. Lingeonyeshwa baada ya mavuno, pamba ikishauzwa na watu wakiwa na nafasi moyoni. Nilimwambia nitafikiri, na alipogeuka tu nikaanza kuandika.

Niliandika mchezo mzuri, na nitasema hivyo mbele ya yeyote. Nyumba mbili jirani zinagombea lambo moja wakati wa ukame. Wazazi wamekatazana salamu. Watoto wa Nyumba Nyekundu na watoto wa Nyumba Nyeupe wanaimbiana kutoka ng'ambo hii na ng'ambo ile, kwanza kwa matusi ya kitoto, halafu kwa kiu, na mwishoni binti wa Nyumba Nyekundu anavuka mstari, anapiga magoti mbele ya wenzake, anaanzisha wimbo wa mvua, na nyumba zote mbili wanauimba pamoja. Chuoni nilifundishwa kwamba ugomvi lazima mtazamaji auone kwa macho kabla hajausikia, kwa hiyo nikaweka kundi moja kulia na jingine kushoto, nikachora mstari wa chokaa katikati. Tulipewa ghala la pamba lililokuwa tupu. Lilikuwa na dari la juu sana, vumbi la nyuzi lililoelea kwenye miale ya jua, na harufu ya mafuta ya mbegu ambayo ilishika nywele hata ukizifunga kitambaa. Siku ya kwanza walikuja watoto wengi kuliko tulivyotegemea, wengine kutoka mjini, wengine wameletwa kwa baiskeli kutoka Kasoli. Nikawaambia kila mmoja achague nyumba anayoipenda. Walichagua haraka mno. Hakuna aliyesita, hakuna aliyefuata rafiki. Ndugu walikwenda pamoja kama maji yanavyofuata mfereji, na binti mmoja nilipomhamishia weupe kwa sababu nilihitaji sauti nzito, alilia kama nimemfukuza kwao. Nikadhani ni mapenzi ya rangi nyekundu.

Kabula alikuwa na miaka kama kumi na moja. Aliishi Somanda kwa Nkwimba, fundi wetu, ambaye alikuwa shangazi yake, ili asome shule ya mjini. Babu yake wa Kasoli ndiye aliyempeleka na ndiye aliyetoa kila alichohitaji. Alikuwa mtoto mkimya, mwembamba, na siku alipofungua mdomo ghalani, Machiya aliondoa vidole kwenye kinanda. Sauti ile haikuwa tamu. Ilikuwa na ukingo, kama jembe lililonolewa, na ilifika ukutani na kurudi kabla ya sauti za wenzake kuondoka. Baada ya mazoezi nilizoea kwenda kwa Nkwimba kujaribisha mavazi, na huko ndiko nilikokula vizuri mwaka ule: wali wa huku huku, mlenda, maziwa mgando kwenye kibuyu, watoto wamezunguka sinia moja na mimi nimepewa kigoda, ingawa mara nyingi nilisahau kukikalia. Pazia la chumba cha cherehani lilikuwa jepesi. Jioni moja nilimsikia Nkwimba na jirani yake wakisemezana Kisukuma, jirani akiuliza wekundu wanaendeleaje, Nkwimba akimjibu kwamba wekundu mwaka huu hawashikiki, na wale wengine wataona. Nilifurahi. Nikasema kumbe mji mzima unazungumzia mchezo wangu. Baadaye nikaona akina mama wanakuja ghalani na karanga za kuchemsha, wakawagawia watoto wa nyumba moja tu, huku wa nyumba nyingine wakisubiri mama zao. Hilo nalo nikaliweka kwenye fungu la mapenzi.

Mzee Gamaya alikuja mazoezini siku tuliyopitia mchezo wote kwa mara ya kwanza. Aliegemeza baiskeli yake mlangoni, akakataa benchi, akasimama na fimbo nyuma ya mabega, mikono imening'inia juu yake. Machiya aliniambia kwa kunong'ona kwamba huyu ni manju, mtunzi na kiongozi wa ngoma za Wagika, na kwamba watu hutembea kutoka Sola kule Maswa kuja kumsikia. Nilisema vizuri, atajifunza kitu. Mzee alitazama bila kupepesa mpaka Kabula alipovuka mstari na kupiga magoti. Hapo akashusha fimbo.

"Nani ameandika avuke?" akauliza.

"Ni mimi, mzee."

"Na wewe ni wa upande gani?"

"Mimi sina upande. Nina diploma."

Machiya alikohoa kikohozi kirefu kisichokuwa na sababu. Mzee hakukasirika, alinitazama kama mtu anavyomtazama ndama aliyezaliwa na miguu mizuri lakini haoni. Kisha akanieleza kwa utulivu, kwa Kiswahili cha kuchagua maneno, jambo ambalo kila mtu ghalani alilijua isipokuwa mimi niliyesomea. Wagika na Wagalu wakishindana baada ya mavuno, hawapeani zamu. Wanacheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, huku na kule, na hakuna mwamuzi ila miguu ya watu. Watazamaji wanahama. Ngoma inayowavuta ndiyo imeshinda, na inayobaki peke yake imekwisha. Mimi nilikuwa nimechora uwanja huo huo kwa chokaa, nikawapanga wajukuu wa Wagika huku na wajukuu wa Wagalu kule, wakachagua wenyewe kwa damu, kisha nikaandika kwamba mjukuu wa manju aache duara lake aende kupiga magoti kwenye duara la wenzake. "Huyu ni mjukuu wangu," akasema. "Ataimba. Kuvuka, havuki. Akivuka, ninamrudisha Kasoli, na shule ya mjini itakuwa imekwisha." Nikamwambia kwamba asipovuka mchezo hauna mwisho. Akapanda baiskeli. "Tafuta mwisho mwingine," alisema. "Si umesomea?"

Siku zilizofuata sikukaa mahali pamoja hata kwa muda wa kikombe cha chai. Machiya alinisihi nimweke mtoto mwingine. Nikamuuliza ni mtoto gani mwenye sauti ile, akafunga kinanda chake. Alinisihi nibadilishe mwisho. Nikaandika miisho mingine, nikaichana, kwa sababu katika kila mmoja nyumba zile zilipatana bila mtu kufanya lolote, na mapatano ya namna hiyo hata mtoto hayaamini. Nilizunguka mji. Nilipoingia kwa Nkwimba mazungumzo nyuma ya pazia yalikatika. Mwishowe nikamchukua Kabula pembeni ya ghala, kwenye kivuli cha ukuta, nikamwambia kwa ukali niliouona chuoni kwamba akiwa jukwaani yeye si mjukuu wa mtu yeyote, ni binti wa Nyumba Nyekundu, na binti huyo anavuka. Alisikiliza akikwaruza chokaa ya ukuta kwa kucha.

"Na nikishuka jukwaani, Madam?"

Nilimwambia anywe maji ya uvuguvugu kwa ajili ya koo. Jumapili hiyo rafiki yangu alipopiga simu nilimwambia ninakuja. Onyesho ni Jumamosi, Jumatatu nitakuwa kwenye basi. Nilikwenda stendi nikakata tiketi, nikaichomeka kwenye fremu ya diploma, kona ya chini. Kama mchezo ungeanguka, sikutaka kuisikia hukumu ya wateja wa baiskeli kupitia ukutani.

Jumamosi mchana ghala lilijaa kabla jua halijapinda. Mabenchi tulikuwa tumeazima kanisani, nikayapanga kwa mistari iliyonyooka inayotazama jukwaa, kama yanavyopangwa mahali pa ustaarabu, na kwa robo ya kwanza watu waliyakalia. Mimi nilisimama nyuma ya pazia la shuka upande wa wekundu. Kutoka hapo niliwaona watoto kwa mgongo na mstari wa chokaa, lakini ukumbi sikuuona. Machiya pekee, aliyekaa na kinanda chini ya jukwaa, ndiye aliyeona pande zote. Ugomvi wa lambo ulipoanza nilisikia benchi likiburutwa. Halafu jingine. Nikamwuliza Machiya kwa ishara kuna nini, akageuza uso uliojaa jasho akasema kwa midomo tu: wanahama. Watu walikuwa wanayabeba mabenchi ya kanisa, baba upande huu, jirani yake upande ule, hadi katikati ya ghala pakabaki njia tupu. Watoto walipouona umati umegawanyika, kitu kiliwaingia ambacho mimi sikukiandika. Nyumba Nyeupe waliacha ubeti wangu wakatunga wao, kwamba wekundu wamekuja kisimani na ndoo zilizotoboka, wanachota asubuhi, jioni bado wanalamba kamba. Dotto, mtoto wa muuza nyama, mnene na mwenye madaha, aliuongoza ubeti huo huku akipiga kifua, na ghala likatikisika. Wekundu hawakungoja. Kabula aliwajibu kwamba wao ndoo zimetoboka kwa kutumika, wale wenzetu zao ni nzima kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuwatuma maji. Nilimsikia bibi mmoja akipiga kigelegele mpaka sauti ikamkatikia.

Onyesho lilikuwa limeniponyoka. Nyimbo nilizozifundisha kwa miezi zilikwisha pale, na wimbo wa mvua haukuwa na mlango wa kuingilia. Machiya alipanda nyuma ya jukwaa akiwa ametoa macho, akashika kamba ya pazia, akasema tufunge, tuseme umeme una matatizo, Diploma, tufunge kabla watu hawajapigana. Niliushika mkono wake nikaung'ang'ania. Hili ndilo ninalojisifia hadi leo, na ninajisifia kwa haki: mtu mwingine mwenye karatasi kama yangu angefunga. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kumbi za Dar es Salaam nikiwatazama watazamaji waliolipia viti wakisinzia mbele ya kazi nzuri, na sasa nilikuwa nasikia ghala zima limesimama kwa miguu yake likichagua. Nilijua thamani ya ninachokisikia. "Acha," nilimwambia Machiya. "Acha waimbe."

Lakini Kabula alikuwa na nguvu kuliko wenzake wote. Nilisikia miguu ikivuka, kidogo kidogo, kisha kama mvua ya mawe juu ya bati, watu wote wakija upande wetu, na kelele upande wa weupe zikapungua hadi nikaisikia sauti ya Dotto peke yake, imeanza kupasuka kama ya mtu anayejizuia. Watoto wadogo waliomzunguka walikuwa wanaimba huku wakitazama mabenchi matupu. Hapo ndipo mahali pa kuvuka. Kabula alisogea mpaka kwenye chokaa. Aligeuza shingo akanitazama, nami nikampa ishara kwa mkono mzima: vuka. Akautazama ukumbi. Alikaa hivyo, kidole cha mguu kwenye mstari, na sikujua kama nitamwona tena shuleni mjini au kama nitajiona tena mwenyewe Bariadi. Kisha akanyoosha mkono nyuma, kiganja kimefunguliwa, na Nyumba Nyekundu wote wakanyamaza, katikati ya neno, wakati wanashinda.

Sijasikia ukimya kama ule. Ndani yake sauti za weupe zilibaki peke yake, nyembamba, zimekosea ufunguo, na kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kusikiliza, ghala lilizisikiliza. Miguu ikaanza tena. Sasa haikukimbia. Nilisikia watu wakirudi ng'ambo, wengine wakaishia njiani, na ile njia tupu ya katikati ikajaa. Dotto akapata sauti. Ndipo Kabula, bila kuvuka, bila kupiga magoti, akiwa amesimama upande wake na nyayo zake zote mbili nyuma ya chokaa, akaanzisha wimbo wa mvua. Nyumba Nyeupe wakaupokea kutoka kwao. Watu waliokuwa katikati, ambao hawakuwahi kuusikia, waliufahamu kwenye kiitikio cha pili, na ukiwauliza waliokuwepo watakuambia bati la ghala lilijibu.

Baadaye walibishana nani ameshinda, na wanabishana mpaka leo. Mzee Gamaya aliondoka na baiskeli yake bila kuniaga. Kabula hakurudishwa Kasoli. Mimi nilikwenda kwa Nkwimba, nikapewa sinia langu, nikala nimekaa, kigoda chote, mpaka wali ukaisha. Jumatatu alfajiri honi zilipolia nilikuwa usingizini, na nilipoamka jua likiwa dirishani nilifungua zipu ya begi mpaka mwisho wake, nikazitoa nguo zote nikazitundika kwenye misumari. Kupitia ukutani mteja mmoja wa spoku alikuwa anaimba ubeti wa ndoo zilizotoboka. Kutoka mwaka ule vikatoka vyote mnavyoviona, ukumbi, jukwaa, jina. Mwisho ule niliuingiza kwenye mchezo moja kwa moja, na kila nilipoalikwa kuzungumza na vijana nimewasimulia: mtoto mwenye hekima, na mwongozaji aliyekuwa na akili ya kumwacha. Na mzee tukawa tunasalimiana sokoni miaka yote, yeye mhola, mimi mhola, kama watu wawili ambao kila mmoja anadhani mwenzake ndiye aliyeshindwa.

Haya yote yalinipita kichwani nimesimama nyuma ya nyumba ya msiba, na Kabula ameanza tena kuchagua mchele. Sasa ni mwalimu wa muziki Mwanza, ana watoto. Nikamuuliza kitu ambacho sikuwahi kumuuliza, kwa kuwa jibu nilidhani ninalo: siku ile alijuaje kwamba anyamaze.

"Nilimtafuta Guku," akasema, maana kwa Kisukuma babu ndiyo guku. "Watu wote walikuwa wamekuja kwetu, nikajua na yeye yumo. Sikumwona. Nikatazama vizuri, nikamwona ng'ambo. Alikuwa amesimama peke yake mbele ya akina Dotto, na fimbo yake mabegani, anawatazama wanavyoimba."

"Lakini yeye ndiye aliyekataza kuvuka."

"Alinikataza mimi, Madam. Hakusema kwamba yeye havuki." Akapuliza makapi. "Aliponisindikiza kwa shangazi, njiani nilimwuliza kwa nini. Akasema ngoma isiyo na mtu wa kuitazama inauma hata kama si yako. Halafu akaniambia nisimwambie yeyote, Wagika wenzake wangemcheka."

Nilirudi uwanjani. Pazia lile la shuka lilikuwa limenizuia kuona hilo kwa miaka yote hii, na mimi nimehutubia vijana. Walikuwa wameshafukia kaburi, na upande wa Wagika wameanza kumwimbia mzee nyimbo alizozitunga mwenyewe. Watu wote walikuwa wamejazana huko, chini ya turubai langu zuri, hata waliokosa kivuli walisimama juani kuzisikia. Ng'ambo, turubai la Wagalu lilibaki na wazee wachache na ngoma moja waliyokuja nayo, wakiipiga polepole kumsindikiza mpinzani wao, na mbele yao hapakuwa na mtu. Nilikuwa nimewekewa kiti cha mbele kwa Wagika, kiti chenye mto. Nikakibeba. Uwanja ulikuwa mpana kuliko nilivyodhani, na nilisikia watu wakinong'ona nyuma yangu nilivyokuwa naukata.

Mzee mmoja aliyekuwa anapiga ngoma aliniangalia bila kuacha kupiga. "Wewe ni wa upande gani?" akauliza.

"Leo, guku, ni wa huku."

Akasogeza fimbo yake kwa mguu kunipisha, nikaweka kiti, nikakaa.